Jinsi ya kusoma ukame wa kale kwenye tope la ziwa

Vipimo vya mvua na vya kina cha maji vilivyowekwa na binadamu ni vya juzi. Ziwa Viktoria, ambalo ni miongoni mwa maziwa ya Afrika yaliyopimwa mapema, lina kumbukumbu za kina tangu 1896. Hiyo ni miaka mia na ushee. Anayetaka kujua kama eneo hilo limewahi kukaukiwa miaka sitini mfululizo hatapata jibu kwenye daftari hizo, kwa sababu ukame wa namna hiyo haumo ndani yake. Kwenye tope la ziwa umo. Mwaka 2000, mtafiti Dirk Verschuren na wenzake walichapisha matokeo ya tope la Ziwa Naivasha, Kenya: kati ya mwaka 1000 na 1270 hivi eneo lile lilikuwa kavu kuliko leo, kisha likaja na mvua nyingi mpaka karibu 1850, ila mvua hizo zilikatizwa na vipindi vitatu vya ukavu, 1390 hadi 1420, 1560 hadi 1625, na 1760 hadi 1840.

Mwongozo huu umeandikwa kwa mwanafunzi au mtafiti anayeanza, mwenye mashua ndogo na maabara ya chuo. Asiye na mashua asiondoke, nimemkumbuka mbele. Ila jambo moja lishikwe mapema: tope halipimi mvua. Linapima hali ya ziwa, nalo ziwa hupungua kwa sababu nyingi. Karibu kazi yote iliyo hapa chini ni kuziondoa sababu nyingine moja baada ya nyingine mpaka ibaki mvua, au mpaka ukubali kwamba zimegoma kuondoka.

Hatua ya 1: Amua unatafuta ukame wa urefu gani

Kabla ya kugusa chombo chochote, piga hesabu. Katika maziwa mengi tope hutua kwa kasi iliyo kati ya sehemu ya kumi ya milimita na milimita chache kwa mwaka. Tuseme ziwa lako linapata nusu milimita, nawe unakata vipande vya sentimita moja. Kila kipande kimebeba miaka 20 iliyochanganyika. Ukame wa miaka mitatu, hata kama ulimaliza mifugo yote, hautauona. Utamezwa na ile miaka 17 mingine.

Ukitaka ukame mfupi, tafuta ziwa ambalo tabaka zake za kila mwaka hazijavurugwa. Ziwa Chala, lililo ndani ya kreta chini ya Kilimanjaro kwenye mpaka wa Kenya na Tanzania, ni mfano mzuri. Kina chake ni karibu mita 90, huko chini hakuna oksijeni, na pasipo oksijeni hakuna minyoo wala wadudu wa kuchimbachimba. Kwa hiyo kila mwaka huacha mistari miwili: mweupe wa dayatomu, wale mwani wadogo wenye maganda ya silika, unaotua msimu wa upepo, na mweusi unaotua msimu wa utulivu. Mistari hiyo inarudi nyuma takriban miaka 25,000.

Kwa ukame wa maelfu ya miaka ni kinyume: unahitaji ziwa refu la kwenda chini, na subira. Ziwa Malawi lilichimbwa mwaka 2005 kwenda chini mita 380 hivi za mashapo, ikaonekana kwamba kati ya miaka 135,000 na 75,000 iliyopita lilikuwa likishuka, nyakati fulani kwa mita zisizopungua 600. Ziwa hilo leo lina kina cha mita 700 hivi. Kazi ya aina hiyo ni ya meli na mataifa kadhaa. Wewe anza na mita tano.

Hatua ya 2: Chagua ziwa linaloumia

Ziwa lenye mto mkubwa wa kutokea ni ndoo iliyotobolewa ubavuni: ukiongeza maji yanamwagika, ukipunguza kidogo bado yako palepale kwenye tundu. Ziwa kama hilo halisemi lolote mpaka hali iwe mbaya kupita kiasi. Unachotaka ni ziwa lililofungwa, ambalo maji yake huondoka kwa kuvukizwa na jua. Mvua ikipungua, linashuka na chumvi inakolea, na kila kiumbe kilichomo kinahisi.

Usitegemee ramani peke yake. Naivasha haina mto unaotoka, na kwa ramani ungesema ni ziwa la magadi. Kumbe maji yake ni matamu, kwa sababu sehemu yake hupenya chini ya ardhi na kubeba chumvi nayo. Mtafiti asiyejua hilo angetafsiri kila badiliko la chumvi vibaya.

Maziwa madogo ya kreta ndiyo ninayoyapenda kwa anayeanza: hayana mto wa kuleta mafuriko ya mchanga, ukingo wake huzuia upepo, na bonde lake la maji ni dogo kiasi cha kulizunguka kwa miguu na kuona kila kinachoingia. Maziwa makubwa ya kina kifupi yaepuke. Upepo huyakoroga mpaka chini, na tope la mwaka huu huchanganyika na la babu.

Ukishapata ziwa, tafuta mahali ndani yake. Zungumza na wavuvi kwanza. Wanajua pale nyavu zinapokwama kwenye visiki, pale nanga inapozama bila kushika kitu, na pale penye chemchemi. Kisha pima kina kwa kipima mwangwi, au kwa kamba yenye alama na jiwe kama huna, kwa mistari inayokata ziwa huku na huku. Unatafuta sehemu tambarare, mbali na midomo ya mito na mbali na miteremko mikali, kwa kuwa tope la mteremkoni huporomoka na kulala juu ya tope changa.

Zunguka na ufuo. Fukwe za kale zenye makombe zilizo juu ya maji ya leo ni ushahidi usiohitaji mashine. Pembezoni mwa Ziwa Turkana zipo karibu mita 100 juu ya maji ya sasa, za wakati ambapo Afrika Mashariki na Sahara zilikuwa na mvua nyingi, hali iliyokuja kuisha takriban miaka 5,000 iliyopita.

Hatua ya 3: Vibali na usalama

Pata kibali cha utafiti, kibali cha kusafirisha sampuli kama maabara iko nchi nyingine, na ruhusa ya wenyeji. Jaketi la kuokolea livaliwe na kila mtu muda wote, hata bingwa wa kuogelea. Anza kazi alfajiri, maana upepo wa mchana ndio unaokatisha uchimbaji kwenye maziwa mengi.

Hatua ya 4: Toa tope bila kulivuruga

Funga mashua mbili pamoja, weka jukwaa la mbao katikati lenye tundu, kisha tia nanga tatu au nne pande tofauti. Jukwaa likitembea hata mita moja kati ya bomba la kwanza na la pili, umeanza shimo jingine bila kujua.

Kwanza chukua tope la juu kabisa kwa bomba la uzito, linaloshuka taratibu na kujifunga lenyewe. Bomba likipanda, tazama kwenye plastiki angavu: juu kuwe na maji safi, chini kuwe na tope lenye uso uliolala sawa. Maji yakiwa na vumbi la tope, mwaga urudie. Wengi wanaharakisha hapa, na sentimita hizo kumi za juu ndizo zinazobeba miaka unayoweza kuilinganisha na vipimo vya watu. Tope hilo ni laini kama maji na halistahimili safari, hivyo likate hapohapo: simamisha bomba wima, sukuma kutoka chini, kata kila sentimita, tia kila kipande kwenye mfuko wake.

Kwa tope la chini tumia bomba la pistoni. Lile lililobuniwa na Daniel Livingstone na kuelezwa mwaka 1955 bado linafanya kazi, halihitaji injini, na hutoa nguzo ya tope ya mita moja kwa kila mshindo. Pistoni hubaki juu ya uso wa tope wakati bomba linashuka, ikizuia tope lisibanwe. Baada ya shimo la kwanza, chimba la pili pembeni, lakini anza nusu mita chini zaidi, ili viungo vya mabomba ya shimo moja viangukie katikati ya mabomba ya lingine. Viungoni ndiko tope huharibika na kupotea.

Andika juu ya bomba lenyewe kwa wino usiofutika: jina la ziwa, shimo, kina cha kuanzia na cha kuishia, na mshale unaoonyesha juu. Usiandike kwenye kifuniko. Vifuniko hutoka, na nguzo iliyogeuzwa itakupa historia inayokwenda kinyumenyume, tena yenye kuvutia. Hifadhi kwenye nyuzi 4 za Selsiasi, gizani. Usigandishe, barafu hupasua tabaka.

Hatua ya 5: Pasua, piga picha, kisha tazama kwa macho

Pasua bomba kwa urefu wake, vuta uzi wa nailoni au waya mwembamba katikati ya tope, tenganisha nusu mbili. Safisha uso kwa kukwangua ukifuata tabaka, kwa upana wa nguzo, kamwe si kwa urefu wake, la sivyo utapaka tope la karne moja juu ya lingine. Kamera iwe tayari kabla hujapasua. Tope lililotoka mahali pasipo hewa huanza kubadilika mara likiguswa na oksijeni: weusi unaingia kahawia mbele ya macho yako, na mistari iliyokuwa wazi dakika tano zilizopita inafifia.

Nusu moja funga kwa nailoni urudishe kwenye baridi. Hiyo ni ya akiba, haikatwi.

Nusu ya pili isome kwa vidole na kikuzio kabla ya mashine yoyote. Tope laini la kijani-kahawia linaloteleza ni la maji yenye kina. Mchanga, makombe yaliyovunjika na mabaki ya matete ni ya ufukweni, maana yake ufuo ulikuja mpaka hapo. Fuwele za chumvi au jasi zinasema maji yalikolea. Na ukikuta udongo mgumu mkavu, wenye nyufa zilizojaa tope la juu yake na vijitundu vya mizizi, simama. Hapo ziwa lilikuwa nchi kavu.

Hatua ya 6: Tafuta kilichokosekana

Hatua hii huikuti kwenye mwongozo mwingi, nami ningeiweka mbele kuliko zote kama mpangilio ungeruhusu. Ukame mdogo huacha alama. Ukame mkali hufuta alama zake mwenyewe. Ziwa likikauka, hakuna tope jipya linalotua; la zamani linapasuka, linapeperushwa na upepo, linakanyagwa. Maji yakirudi, tope jipya hulala moja kwa moja juu ya lililosalia. Kwenye nguzo utaona mpaka mkali wa unene wa kucha, na ndani ya mpaka huo kuna miaka mia tatu, au elfu tatu, isiyokuwepo. Asiyejua huuruka na kusema kipindi hicho hakuna kilichotokea.

Ziwa Viktoria ndilo somo. Chini ya tope lake laini, wachimbaji walikuta udongo mgumu wenye dalili za kukauka juani, na mitetemo ya sauti iliyopigwa kukata ziwa ikaonyesha uso huohuo ukienea mpaka sehemu zenye kina. Ziwa kubwa kuliko yote barani lilikuwa limekauka, kisha likajaa tena miaka 15,000 hivi iliyopita. Hakuna dayatomu hata mmoja wa kukusimulia ukame ule ulivyokuwa ndani, kwa kuwa hapakuwa na maji ya kuishi.

Kwa hiyo fanya mambo mawili. Chimba pia karibu na ufuo, siyo katikati tu: pengo litaanza mapema na kuisha baadaye kwenye kina kifupi, na tofauti kati ya mashimo hukupa kimo cha maji kwa kila wakati. Pili, kwa mfululizo usiokatika, nenda kwenye shimo la mwisho kukauka. Nguzo ya Naivasha ilichukuliwa katika kreta ya Crescent Island, sehemu yenye kina kuliko ziwa lote, na hiyo ndiyo sababu inasimulia hata miaka ambayo ziwa kuu lilikuwa limenyauka.

Hatua ya 7: Tafuta umri, na tumia fedha zako hapa

Ukiwa na bajeti ndogo, punguza kila kitu kingine kabla ya kupunguza tarehe. Ukame usio na umri hauwezi kulinganishwa na chochote.

Kwa miaka 150 ya karibuni hutumika risasi-210, aina ya risasi yenye mionzi, ambayo nusu-maisha yake (muda wa nusu yake kuoza) ni miaka 22 hivi. Huambatana na sizi-137 iliyomwagwa angani na majaribio ya mabomu ya nyuklia na kufikia kilele mwaka 1963; kusini mwa ikweta kilele hicho ni hafifu, usishangae kukikosa. Kwa kurudi nyuma zaidi ni kaboni-14, yenye nusu-maisha ya miaka 5,730 na kikomo cha takriban miaka 50,000.

Kaboni-14 ina mtego ambao umewapoteza wengi. Maji yanayopita kwenye mawe ya chokaa, au yanayopokea gesi kutoka chini ya volkeno, hubeba kaboni ya kale isiyo na kaboni-14 tena. Mmea wa majini hujenga mwili wake kwa kaboni hiyo, hivyo huzaliwa tayari ana umri wa miaka mia kadhaa, wakati mwingine maelfu. Kombe nalo ni vivyo hivyo, na tope zima lililochanganyika vilevile. Dawa yake ni kupima kitu kilichoota nchi kavu na kuvuta hewa ya juu: kipande cha jani, kijiti, mbegu, au mkaa wa nyasi zilizoungua. Chuja tope kwa chekecheke laini, weka mabaki kwenye sahani chini ya hadubini, chagua kwa kibano kimoja kimoja. Nyuzi nyeusi zenye mistari ya mishipa ya majani ya nyasi ni mali. Kazi hiyo inachosha shingo, lakini tarehe tano za namna hii zinashinda ishirini za tope zima. Ukikosa kabisa, angalau pima tope la juu ambalo umri wake unaujua kwa risasi-210; tofauti ya majibu mawili itakuonyesha ukubwa wa uongo wa ziwa lako, ingawa uongo huo hubadilika ziwa linapopanda na kushuka.

Majivu ya volkeno yakionekana, shukuru. Kila mlipuko una kemia yake, na tabaka moja huunganisha maziwa yaliyo mbali. Vumbi la kioo la mlipuko wa Toba wa Sumatra, wa miaka 74,000 hivi iliyopita, limekutwa hata ndani ya Ziwa Malawi.

Umri wa maabara si miaka ya kalenda. Usawazishe kwa mkunjo wa IntCal20 kaskazini au SHCal20 kusini. Karibu na ikweta eleza umechagua upi na kwa nini. Kisha unganisha tarehe zote kwa programu ya Bacon, inayokaa ndani ya R, programu ya takwimu, na haiuzwi. Iambie wazi pengo liko kwenye kina gani. Usipoiambia itachora mstari laini juu ya pengo na kuusambaza ukame wako kwenye miaka isiyo yake. Na matokeo yaandike kwa upana: tarehe yenye shaka ya miaka 60 huku na huku haiwezi kudai kwamba ukame wa 1560 wa hapa ndio ukame wa 1600 wa kule.

Hatua ya 8: Chagua mashahidi wasiodanganywa na kitu kimoja

Shahidi mmoja hatoshi, na wawili wanaokosea kwa sababu ileile ni mmoja tu. Changanya wa kemia na wa viumbe.

Kuchoma tope ndiyo njia rahisi. Kausha kwa nyuzi 105 usiku kucha upime uzito, choma kwa nyuzi 550 saa nne upime tena: kilichopotea ni mabaki ya viumbe. Choma kwa nyuzi 950 saa mbili: kilichopotea sasa ni gesi ya kaboneti, inayokuonyesha wingi wa chokaa. Chokaa mara nyingi huongezeka maji yanapokolea. Mabaki ya viumbe yana utata. Ziwa likishuka, magugu ya ufuoni husogea karibu na shimo lako na kuyaongeza. Likishuka zaidi, hewa huyaozesha na kuyapunguza.

Dayatomu wanahitaji mkono wa taratibu. Chemsha tope kidogo ndani ya haidrojeni peroksaidi mpaka uozo uishe, ndani ya kabati la kufyonza hewa na ukiwa na glavu, suuza mara kadhaa, dondosha kwenye kioo, kausha, gandisha kwa gundi inayopinda mwanga sana, kisha hesabu angalau maganda 300 kwa ukuzaji wa mara elfu. Aulacoseira wengi wakiwepo, maji yalikuwa matamu na ya kukorogwa na upepo. Cyclotella meneghiniana anavumilia chumvi. Jihadhari na magadi makali, kwani huyeyusha maganda membamba na kukuachia sugu peke yao. Vichwa vya viluwiluwi vya mbu wa ziwani wasiouma hudumu pale maganda yalipoyeyuka, ndiyo maana hao wawili hupangwa pamoja, na ndivyo ilivyofanyika Naivasha.

Isotopu za oksijeni, yaani oksijeni za uzito tofauti, kwenye makombe madogo ya ostrakodi, viumbe vidogo vya majini, hueleza uvukizi: oksijeni-16 ni nyepesi, hutangulia kuondoka, na ziwa linabaki na oksijeni-18 nyingi. Kwenye Ziwa Chichancanab, Yucatán nchini Meksiko, tabaka za jasi zilionyesha ukame wa kati ya mwaka 800 na 1000, zama za kuanguka kwa miji ya Wamaya. Baadaye, mwaka 2018, watafiti walipima maji yaliyonaswa ndani ya jasi hiyohiyo na kukadiria kwamba mvua ya mwaka ilipungua kwa takriban nusu. Ni mara chache ukame wa kale kupata tarakimu namna hiyo.

Titani, inayosomwa na kamera ya eksirei inayopita juu ya nguzo, huonyesha udongo uliosombwa. Wengi huandika: titani kidogo, mvua kidogo. Taratibu. Ziwa likipanda, ufuo unasogea mbali na shimo na titani inapungua vilevile. Tena Chala inafundisha kinyume cha tunachotarajia: miaka mikavu yenye upepo mwingi huleta tabaka nene, kwa kuwa upepo hukoroga virutubisho kutoka chini na dayatomu huzaana; miaka ya mvua na utulivu huacha tabaka nyembamba. Asiyelijua ziwa angesoma kila kitu juu chini.

Chavua ni nzuri kwa karne na milenia, ila misitu huchelewa kuitikia mvua na binadamu hukata miti bila kungoja ukame.

Hatua ya 9: Lijaribu tope kwa miaka inayojulikana

Kabla hujaliamini kuhusu 1560, liulize kuhusu 1961. Mwishoni mwa mwaka huo mvua kubwa zilinyesha Afrika Mashariki, na Ziwa Viktoria likapanda zaidi ya mita mbili kufikia 1964. Kila eneo lina miaka yake ya aina hiyo. Panga vipande vya juu dhidi ya vipimo vya kina cha maji au mvua. Tope lisilotambua tukio kubwa lililoandikwa halina haki ya kusimulia lisiloandikwa. Ukitaka kugeuza dayatomu kuwa kiasi cha chumvi, utahitaji sampuli za kisasa za makumi ya maziwa, kutoka matamu hadi ya magadi, upime maji na viumbe vya kila moja. Za maziwa ya Afrika zilishakusanywa, huna haja ya kuanza upya.

Hatua ya 10: Toka nje ya ziwa

Mapango yana mawe ya chokaa yanayokua tone kwa tone, nayo hupimwa umri kwa uranio na thoriamu kwa usahihi unaoishinda kaboni. Pete za miti hutoa mwaka kwa mwaka, lakini penye misimu miwili ya mvua mti huweza kuweka pete mbili au kuruka, kwa hiyo thibitisha kwanza. Visiki navyo husema: pembeni mwa Ziwa Mono, California, ipo miti iliyoota wakati maji yameshuka, ikazama yaliporudi, na umri wake ukafichua ukame wa miongo mingi wa karne za kati. Barafu ya Kilimanjaro ina tabaka la vumbi la miaka 4,000 hivi iliyopita, ila barafu hiyo inaisha.

Shahidi ninayemwonea huruma kwa kutojulikana ni pimbi. Jamii yake hukojoa mahali pamoja kizazi baada ya kizazi, mkojo unakauka na kuganda chini ya mwamba unaozuia mvua, ukinasa chavua na isotopu. Kusini mwa Afrika malundo hayo hurudi nyuma maelfu mengi ya miaka, kwenye nchi kavu ambako maziwa ya kuchimba hayapo.

Kisha kuna vya binadamu. Kipimo cha Nile pale Roda, Cairo, kina kumbukumbu tangu karne ya 7: gharika ya kila mwaka iliakisi mvua za nyanda za juu za Ethiopia, na maji ya chini kabisa yaliakisi zaidi maziwa ya ikweta. Masimulizi ya wazee kuhusu njaa na uhamaji yalilingana na vipindi vya ukavu vya Naivasha. Yatumie, lakini funga mahesabu ya umri kwanza. Ukijua mapema kwamba wazee wanataja njaa fulani, mkono utavuta tarehe kuelekea huko.

Asiye na mashua anaanzia hapa. Hifadhi za mtandaoni za NOAA (shirika la Marekani la bahari na hali ya hewa) na Neotoma zina takwimu za nguzo nyingi, bure. Pakua moja, jenga upya umri wake kwa Bacon, linganisha na uliochapishwa. Utajifunza mengi kabla ya kulowa.

Hatua ya 11: Andika

Ondoa kwanza sababu za kibinadamu. Bahari ya Aral ilinywea kuanzia miaka ya 1960 kwa kuwa mito ya Amu Darya na Syr Darya ilielekezwa kwenye mashamba ya pamba. Atakayechimba tope lake miaka elfu ijayo ataona chumvi, ufuo uliorudi nyuma na vumbi, dalili zote za ukame, na mvua haikuhusika. Kwa karne za karibuni tafuta umwagiliaji, mabwawa na ukataji misitu kabla ya kulaumu mawingu.

Taja ukame kwa sifa tatu: ulianza kati ya miaka ipi, ulidumu kiasi gani, na ziwa lilishuka mpaka wapi. Sifa usiyoweza kuipata, iache wazi. Na jedwali unaloweka hadharani liwe na safu ya kina cha kila sampuli, namba ya bomba, na tarehe za kaboni kabla ya kusawazishwa, siyo umri wa mwisho peke yake. Mkunjo wa kusawazisha hurekebishwa kila baada ya miaka kadhaa, na atakayekuja baadaye atahitaji kukokotoa upya kuanzia kwenye sentimita.